Kaunti gani iko mbele kwa kuokoa stima? Angalia pampu ya maji

Usiku wangu wa pili Kisumu stima ikapotea. Nilikuwa nimefikia kwa binamu yangu anayeishi Mamboleo, upande wa vilima vya Kajulu, na nilikuwa bado sijatawadha kwa sala ya Isha. Sisi watu wa Mombasa, stima ikizimika, jambo la kwanza ni kutafuta ndoo. Nikamuuliza mwenyeji wangu maji ya akiba yako wapi. Akacheka.

"Fungua mfereji tu, ndugu yangu. Maji haya hayajui stima."

Nikafungua. Yakatoka kwa nguvu ile ile ya mchana.

Asubuhi yake akanieleza. Mji wa Kisumu una njia kuu mbili za kupata maji. Moja ni ya Kajulu: maji yanachukuliwa kutoka Mto Kibos, yanasafishwa kule juu kilimani, kisha yanateremka yenyewe hadi mjini. Mradi huo ni wa tangu zama za mkoloni, ukapanuliwa sana katika miaka ya 2010. Njia ya pili ni ya Dunga, ufuoni mwa ziwa. Huko maji yanavutwa kutoka Ziwa Victoria na kusukumwa kupanda mjini kwa pampu, na pampu hazinywi maji, zinakunywa stima. Kampuni ni moja, KIWASCO, mji ni mmoja, lakini lita ya Kajulu na lita ya Dunga hazina gharama moja.

Naanza na maji kwa sababu ya ubishi uliokuwa barazani kwetu kabla sijasafiri. Mmoja wetu alisoma kwamba Kisumu iko mbele ya kaunti zetu za Pwani katika mambo ya "viwango vya matumizi bora ya kawi", akatuletea habari kwa majivuno kama kwamba yeye ni Mjaluo. Mwengine akasema hayo ni maneno ya warsha na chai ya saa nne. Nikaahidi nikifika huko nitaangalia. Nimeangalia, na nakiri kwamba wote wawili walikuwa na haki yao.

Kwanza tuelewane kuhusu neno lenyewe. Matumizi bora ya kawi si kukaa gizani wala kuzima feni mgonjwa akiwa kitandani. Ni kupata kazi ile ile kwa stima kidogo zaidi. Balbu ya zamani ya wati 60 ukiiwasha saa tano kila usiku, kwa mwezi inakula yuniti 9. Balbu ya LED ya wati 9 inatoa mwanga karibu sawa na huo, na kwa mwezi inakula yuniti moja na kitu. Chumba kina mwanga ule ule, lakini yuniti zaidi ya saba zimebaki mfukoni mwako. Na tangu Aprili 2023, ile bei nafuu ya watumiaji wadogo inawahusu wanaotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi, ilhali zamani ilikuwa hadi 100. Kwa hivyo kwa nyumba ndogo, balbu tatu za zamani peke yake zinakaribia kukutoa kwenye bei ya maskini.

Na sola si jibu la swali hili, ingawa watu wengi wanachanganya. Ukiweka sola juu ya paa huku friji yako inavuja baridi, umebadilisha duka tu, matumizi hayajapungua. Nitarudi hapo.

Sasa, nani anaweka viwango? Hapa ndipo mjadala wetu ulipoharibikia. Viwango vyenyewe ni vya serikali kuu. Mamlaka ya Kudhibiti Kawi na Petroli, EPRA, ndiyo inayosimamia kanuni, na KEBS ndiyo yenye viwango vya bidhaa. Kuna kanuni za mwaka 2012 zinazosema jengo au kiwanda chochote kinachotumia yuniti 180,000 au zaidi kwa mwaka, yaani kama 15,000 kwa mwezi, lazima kifanyiwe ukaguzi wa matumizi ya kawi na mkaguzi mwenye leseni kila baada ya miaka mitatu, kisha kitekeleze angalau nusu ya yale mkaguzi aliyoona yanaweza kuokolewa. Kuna kanuni nyengine za 2016 zinazotaka friji, viyoyozi, taa za aina fulani na mota za fezi tatu ziuzwe zikiwa na kibandiko cha nyota, moja hadi tano. Nyota zikizidi, ulaji unapungua. Kisha mwaka 2020 serikali ikatoa mkakati wa taifa wa matumizi bora ya kawi, ukigusa majumba, majengo, viwanda na kilimo, uchukuzi, na mashirika ya umeme yenyewe.

(Hilo la mashirika ya umeme lina mzaha wake. Mkakati ulilenga kupunguza stima inayopotea njiani kutoka asilimia 23 hadi 15 ifikapo 2025. Miaka minne baada ya mkakati, upotevu ulikuwa bado uko pale pale karibu na 23. Anayetuambia tuzime taa, naye nyaya zake zinamwaga.)

Kaunti ziko wapi katika haya? Katiba, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti kazi ya usambazaji wa umeme na gesi na udhibiti wa kawi ndani ya mipango ya kaunti. Sheria ya Kawi ya 2019, kifungu cha 5, inaitaka kila kaunti itayarishe mpango wake wa kawi na kuuwasilisha kwa waziri. Kaunti haiwezi kuamua friji ipate nyota ngapi. Lakini kaunti ndiyo inayopitisha ramani za majengo, ndiyo inayotoa leseni za biashara, ndiyo mwenye kampuni ya maji, ndiyo inayoendesha hospitali, na taa nyingi za barabarani zinawaka kwa pesa zake. Kwa maneno mengine, serikali kuu imeshika kalamu na kaunti imeshika swichi.

Watu wanaposema kaunti fulani iko mbele, mara nyingi wanahesabu mipango. Kwa hesabu hiyo, Makueni na Kitui zina haki ya kujisifu, kwa kuwa zimetoa mipango yao ya kawi ya miaka kumi. Kisumu nayo ina lake: iliteuliwa kuwa kaunti ya mfano nchini Kenya katika mradi wa ICLEI, ule muungano wa miji na serikali za mitaa duniani, wa kuzisaidia sehemu mbalimbali kufikia kawi safi kwa asilimia 100. Mfano mwengine wa mradi huo huo ulikuwa mji wa Avellaneda kule Argentina, na mwengine mkoa wa Nusa Tenggara Magharibi, Indonesia. Mwezi Mei 2022 Kisumu ikapokea mkutano wa Africities, mji ukapakwa rangi, na lugha ya "mji endelevu" ikazoeleka midomoni mwa maofisa wake. Pia Kisumu ndiko yaliko makao ya muungano wa kaunti 14 za eneo la ziwa, kama sisi tulivyo na Jumuiya ya Kaunti za Pwani yenye kaunti sita.

Kwa makaratasi, basi, yule mwenzetu wa barazani alikuwa sawa. Lakini mpango wa kawi unaweza kuandikwa na mshauri aliyelipwa na mfadhili, ukazinduliwa hotelini, ukawekwa kabatini, na pampu ikaendelea kunguruma vile vile. Kipimo ninachokiamini mimi ni bili. Na bili kubwa kuliko zote katika miji yetu, ya ziwani na ya baharini, ni ya kusukuma maji.

Tufanye hesabu kidogo, si ngumu. Kupandisha lita 1,000 za maji kimo cha mita 100, hata kama una pampu isiyopoteza chochote, kunahitaji yuniti 0.27 za stima. Hiyo ni kazi ya uzito wa maji, hakuna gavana anayeweza kuipunguza. Pampu nzuri pamoja na mota yake hupoteza kidogo, zikifanya kazi kwa ufanisi wa asilimia 60 hivi, kwa hivyo unatumia yuniti 0.45. Pampu iliyochakaa, au iliyonunuliwa kubwa kuliko kazi yake, ikishuka hadi asilimia 40, unatumia karibu yuniti 0.7. Tofauti inaonekana ni upuuzi. Lakini tuseme kampuni inasukuma lita milioni 30 kwa siku: tofauti hiyo ni kama yuniti 7,000 kila siku. Kwa shilingi 20 kwa yuniti, ni Sh140,000 kwa siku, zaidi ya milioni 50 kwa mwaka, zimechomwa na pampu mbovu na hakuna tone moja la ziada lililofika kwa mama wa Manyatta.

Bado hujaweka mabomba yanayovuja. Wasreb, mdhibiti wa huduma za maji nchini, imekuwa ikiripoti miaka nenda miaka rudi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa na kampuni za maji hayaleti pesa. Mengine yanavuja, mengine yanaibiwa, mengine mita zake zimekufa. Vyovyote iwavyo, yamekwisha kusukumwa. Ukipoteza lita nne katika kila kumi, ile yuniti 0.45 inakuwa 0.75 kwa kila lita elfu zilizolipiwa. Ndiyo maana nasema fundi wa kuziba mabomba ni mtu wa kawi, hata kama hajawahi kuitwa kwenye warsha ya kawi.

Miji midogo ya ziwani inaliona hili kwa uchungu. Homa Bay maji yako hapo mbele ya macho, ziwa zima, lakini mara kwa mara mifereji imekauka kwa sababu kampuni ya maji imekatiwa stima kwa deni. Ukisimama ufuoni ukawaza jambo hilo, utaona ni ajabu: mtu anaona maji hadi upeo wa macho na ana mtungi mtupu.

Tusiwacheke. Sisi wenyewe tuna Mzima na tuna Baricho. Bomba la Mzima, lililojengwa miaka ya 1950, linaleta maji kutoka chemchemi za Taita Taveta hadi Mombasa, safari ya kama kilomita 220, na yanateremka kwa mteremko wa ardhi. Chemchemi za Marere za Shimba Hills, za zamani zaidi, ni hivyo hivyo. Hizo ndizo Kajulu zetu. Visima vya Baricho, kando ya Mto Sabaki, ndiyo Dunga yetu: maji mengi na mazuri, lakini kila tone linapandishwa kwa stima kabla halijafika Malindi, Kilifi na Mombasa. Zaidi ya mara moja Kenya Power imekata stima Baricho kwa malimbikizo ya deni, na kila mara wanaoteseka ni watu waliolipa bili zao za maji. Ugomvi wa kaunti na shirika la umeme ni wa nchi nzima. Tuliona Februari 2025 Nairobi ilivyomwaga taka mbele ya Stima Plaza baada ya kukatiwa. Ila taka unaweza kuzizoa. Mji wa Mombasa bila Baricho huwezi kuusitiri.

Swali langu, basi, kwa Kisumu na kwa Pwani ni lile lile: mnatumia yuniti ngapi kwa kila lita elfu mnazouza? Hilo ni tarakimu moja. Likiandikwa mwaka huu na mwaka ujao, mtu yeyote, hata aliyeishia darasa la nane, ataona kama kaunti inakwenda mbele au inarudi nyuma. Kanuni za 2012 zinaigusa mitambo kama hiyo moja kwa moja, kwa kuwa pampu za miji mikubwa hula zaidi ya yuniti 15,000 kwa mwezi. Na zile nyota za 2016 zinahusu mota za fezi tatu, ambazo ndizo zinazozungusha pampu zenyewe. Sheria ipo. Kinachokosekana ni mwakilishi wadi wa kuuliza: ripoti ya mkaguzi iko wapi, na ile nusu mmeitekeleza?

Ndipo nirudi kwenye sola. Siku hizi kila kampuni ya maji yenye deni inaambiwa iweke sola. Si vibaya, jua tunalo. Lakini ukinunua paneli za kuendesha pampu iliyochakaa, utanunua paneli karibu mara moja na nusu ya unazohitaji, kisha utaendelea kusukuma maji yanayomwagika Kisauni au Nyalenda. Anza na pampu, fuata mabomba, sola iwe ya tatu. Wafadhili hawapendi mpangilio huo kwa sababu bomba lililozibwa halipigiki picha.

Katika majengo mambo ni tofauti kidogo, na hapa nadhani Kisumu na sisi sote tunafeli mtihani ambao babu zetu waliufaulu. Kisumu imelala mashariki mwa ghuba ya Winam. Maana yake jua la alasiri, lile kali, linakuja kutoka upande wa ziwa, na upepo wa kupoza mji nao wa alasiri unatoka huko huko. Mtu mwenye akili angejenga ukuta wenye kivuli na madirisha ya kufunguka upande ule. Nilichokiona katika majengo kadhaa mapya ni ukuta wa vioo vilivyofungwa unaotazama machweo. Jua linaingia, upepo haungii, halafu viyoyozi vinawashwa kupigana na kosa la mchoraji ramani. Kutoka barabarani nilihesabu viyoyozi 31 upande mmoja wa jengo moja, nikaacha kwa sababu shingo iliuma.

Nenda Mji wa Kale Mombasa, au Lamu. Kuta nene za mawe ya matumbawe, dari ndefu, njia nyembamba zinazojitilia kivuli, ua wa ndani wa kuvuta hewa. Hakuna aliyeziita nyumba zile "za kijani". UN-Habitat, ambayo makao yake ni Nairobi, ilitoa mwaka 2014 kitabu kizima cha mwongozo wa kujenga katika nchi za joto baada ya mradi wake wa Afrika Mashariki, na sehemu kubwa ya ushauri ule ni mambo ambayo fundi wa Lamu angeyaona ya kawaida: geuza jengo lisitazame jua, weka kivuli, ruhusu upepo upite. Kanuni ya Taifa ya Majengo ya 2024, iliyoanza kutumika Machi 2025 kuchukua nafasi ya ile ya 1968, imetupa nafasi ya kuanza upya. Lakini ramani inapitishwa na ofisa wa kaunti. Akigonga muhuri kwenye boksi la vioo, jengo hilo litakula stima kwa miaka 50 na hakuna balbu ya LED itakayolisaidia. Kwa maoni yangu ofisa huyu ana nguvu kuliko idara nzima ya kawi ya kaunti, na sijaona mpango wa kaunti unaomtaja.

Jambo lililonifurahisha zaidi huko ziwani, hata hivyo, halikutoka katika ofisi yoyote ya kaunti. Ni taa za wavuvi wa omena.

Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga. Kwa miaka mingi mwanga huo ulikuwa karabai, zinazoelea juu ya maji zikinguruma, zikinywa mafuta ya taa usiku kucha. Sehemu kubwa ya pato la mvuvi iliishia kwenye tangi la karabai, na taa yenyewe ni mbaya wa kufanya kazi: mafuta mengi yanageuka joto, mwanga ni kidogo. Mwaka 2008 kampuni ya OSRAM ya Ujerumani ilianzisha kule Mbita mradi ulioitwa Umeme kwa Wote. Kituo kinachaji betri na taa kwa sola, mvuvi anaweka amana, anakodi taa jioni, anairudisha asubuhi. Baadaye shirika la WeTu likaendeleza kazi ya namna hiyo katika fuo za ziwa upande wa Kenya.

Haikuwa rahisi. Miaka ile ya mwanzo soko lilijaa taa hafifu za LED zilizokufa baada ya wiki chache, na watafiti wa mradi wa Lumina waliokuwa wakichunguza Kenya waliandika jinsi taa hizo mbovu zilivyowafanya watu wachukie hata zile nzuri. Kilichosaidia ni viwango: mpango wa Lighting Africa ukaanza kupima taa za sola na kutenganisha nzuri na takataka. Halafu Septemba 2018 serikali ikaweka ushuru wa Sh18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, na mvuvi ambaye alikuwa bado anasitasita akafanya hesabu yake mwenyewe.

Nilizungumza na mzee mmoja Dunga aliyeanza kuvua na karabai tangu ujana. Nikamuuliza kwa nini alihama. Nilitarajia aniambie kuhusu mazingira. Akasema, "Karabai ilikuwa inanipiga pumu. Na upepo ukija inazimika, omena wanakwenda zao." Basi. Taa mpya ilishinda kwa kuwa taa bora, na kuokoa mafuta kukaja nyuma. Nawaomba wanaoandika mipango ya kaunti walisome jibu la mzee huyo mara mbili.

Sasa linganisha na Obunga, mtaa wa Kisumu unaojulikana kwa mgongo wazi. Viwanda vya samaki vinakata minofu ya mbuta kwa ajili ya soko la nje, na kinachobaki, kichwa na mifupa yenye nyama kidogo, kinauzwa kwa akina mama wa Obunga ambao wanakikaanga na kukiuza. Ni chakula cha watu wengi na ni kazi ya watu wengi. Makarai yanakaa juu ya moto wa kuni ulio wazi pande zote. Nilisimama na mama mmoja kwa nusu saa, macho yakanitoka machozi, na yeye anasimama pale tangu asubuhi. Aliniambia bei ya kuni inampa shida kuliko bei ya samaki, kwa sababu samaki akikosa hakaangi, lakini kuni zikipanda lazima anunue. Na hii ni nchi yenye kiwango chake cha KEBS cha majiko ya kuni na makaa, KS 1814! Na ni Kisumu hii hii ambako akina mama wa Keyo wamekuwa wakifinyanga majiko ya Upesi kwa miaka, majiko ambayo yanafunika moto na kupunguza kuni jikoni nyumbani. Ufundi upo umbali wa safari ya matatu. Lakini jiko la Upesi ni la sufuria ya nyumbani, si la karai la biashara, na hakuna kaunti iliyomtuma mhandisi kukaa na mama huyu wiki moja wakajenga tanuri linalofaa karai lake. Kama Kisumu inataka kuongoza kwelikweli, ningeanza hapo kabla ya mkutano mwengine wowote. Nasi tuna wakaanga samaki na viazi kutoka Vanga hadi Lamu, tusijitoe.

Kuhusu friji nitasema machache. Ghana ilipiga marufuku friji za mtumba, ikaanza kukaza sheria hiyo Januari 2013, kwa sababu friji kuukuu za Ulaya zilikuwa zinakula stima ya nchi. Sisi bandari iko mlangoni, na friji ya "kutoka nje" bado ni sifa. Nilipita maduka manne ya vyombo vya stima Kisumu na baada ya kurudi nikapita matano Mombasa. Katika mapya niliona vibandiko vya nyota, Kisumu na Mombasa sawasawa. Katika ya mitumba sikuona hata kimoja. Muuzaji mmoja wa Mombasa nilipomuuliza nyota akanijibu, "Shekhe, hii ni friji, si hoteli." Kaunti hutoa leseni kwa maduka yote hayo kila mwaka na ingeweza kuuliza swali hilo hilo bila gharama.

Misikiti yetu pia isijione iko nje ya haya. Tunahutubiwa kuhusu israfu, halafu viyoyozi vinawashwa saa nzima kabla ya Ijumaa na milango iko wazi. Kamati zinajua bili inavyopatikana, kapu likipita kila wiki.

Kwa hivyo nikiulizwa tena barazani, jibu langu ni kwamba Kisumu iko mbele yetu kwa kuzungumza juu ya jambo hili, na kuzungumza nako si bure, maana angalau kule ukiuliza ofisini wanajua unauliza nini. Kwa kutenda, mazuri niliyoyaona yametokana na mteremko wa Kajulu na hesabu za wavuvi, na yote mawili si kazi ya kaunti. Sisi tuna Mzima yetu na Mji wa Kale wetu, na hatuna hata mazungumzo.

Kwa wanaotaka kufanya jambo, kalenda ni hii. Kila kaunti lazima ipeleke mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mwelekeo wa fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Katika kila hatua wananchi wana haki ya kutoa maoni, na barua ya ukurasa mmoja inatosha. Uliza yuniti za stima kwa kila lita elfu za maji. Uliza ripoti ya ukaguzi wa kawi ya hospitali kuu na ya mitambo ya maji, ya mwaka gani na nani aliifanya. Uliza ni ramani ngapi za majengo zilizorudishwa kwa sababu ya joto. Gonga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

Mimi barua yangu nimeshaiandika. Nikijibiwa nitachapisha jibu hapa hapa, na nisipojibiwa nitachapisha nakala yenye muhuri na tarehe. Wasomaji wa Kilifi, Kwale, Lamu, Tana River na Taita mkiandika zenu, nitumieni majibu tuyaweke pamoja na ya Kisumu, ambako binamu yangu ameahidi kupeleka ya kwake kwa mkono.